Ufundi wa Kitenzi "Kuja"

Anayetaka kujua kama mtu anaimudu lugha asitegee sikio maneno yake adimu. Ayategee yale yasiyopumzika kinywani. Katika Kiswahili, kuja ni mojawapo. Tunasema anakuja lakini akija, alikuja lakini akaja, hatakuja lakini haji, aliyekuja lakini ajaye. Shuleni, na hasa huku bara la Kenya ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, mageuko haya mara nyingi hufundishwa kama orodha ya vighairi vya kukariri hadi siku ya mtihani, kisha visahauliwe. Hilo ni kukinyima kitenzi hiki heshima yake. Karibu kila umbo katika orodha hiyo lina sababu inayosikika, na umbo moja lililobaki, njoo, linastahili kusifiwa kuliko yote.

Sababu yenyewe ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shina la kuja ni silabi moja tu, -ja, kwa hiyo mkazo hauna budi kuangukia kiambishi kilicho mbele yake, na viambishi havina nguvu sawa. -na-, -li-, -ta-, -me- na -nge- haviwezi kuubeba. Ndiyo maana ku- ya kitenzi-jina hubaki ili iupokee: anakuja, angekuja. Lakini -ki-, -ka-, hu- na -ja- ya ukanushi hujimudu, na hapo ku- huondoka bila kuhitajika: akija, akaja, huja, hajaja. Kirejeshi cha katikati ni kinyonge, tukapata aliyekuja. Kiambishi cha nafsi ni imara, tukapata aje. Hata hakuja, inayowakanganya wengi wakasema "hakukuja", haina fumbo: -ku- yake ni ya ukanushi wa wakati uliopita, mkazo inaubeba, nyingine haihitajiki. Ethel Ashton aliyaeleza mambo haya katika sarufi yake ya mwaka 1944, lakini mtoto wa Unguja au Lamu huyajua kwa sikio kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu wa Kipkelion, mji wa reli wa huku bara uliojulikana zamani kama Lumbwa, anaweza kulinoa sikio hilohilo kwa kuwasomesha wanafunzi kwa sauti, wakigonga meza kwenye silabi yenye mkazo, badala ya kuwajazia jedwali ubaoni.

Faida yake si ya mtihani peke yake. Chukua wakulima wadogo wa Kericho na Bomet waliochuma majani chai tangu alfajiri na sasa wamesimama kituoni wakingoja lori la kiwanda. Lori halijaja na lori halikuja ni habari mbili tofauti kabisa. Halijaja inamaanisha subirini, majani yafunikwe yasipigwe na jua. Halikuja inamaanisha siku imepotea, na majani mabichi hayana subira: yakilundikana hupata joto, yakageuka rangi, yakakataliwa kwenye mizani. Silabi moja, -ja- au -ku-, ndiyo inayotenga matumaini na hasara. Anayesema "halijakuja" hueleweka, naam, lakini amechanganya viungo vya maumbo mawili ambayo lugha imeyatenganisha kwa makusudi.

Sasa njoo. Hapa mkazo hautusaidii, kwa sababu shina lenyewe limetoweka. Kwa kitenzi kula tunasema kula! na kuleni!, kwa kunywa tunasema kunywa! na kunyweni!; kwa mantiki hiyo tungetarajia kuja! na kujeni!, na ndivyo watu wengi wa bara la Kenya wanavyoitana sokoni na kwenye steji za matatu. Wanaowacheka wanakosea. Msemaji huyo ameishika kanuni barabara na kuitumia kwa uaminifu. Lililomponyoka ni jambo ambalo kanuni haiwezi kumwambia. Wengine husema kosa hili latokana na lugha ya mama, kwamba Mkipsigis anaingiza Kikalenjin katika Kiswahili. Ushahidi unasema kinyume. Katika Kikipsigis, lahaja ya Kikalenjin, mmoja huitwa nyon, na wengi huitwa obwan. Ni mashina mawili yasiyofanana hata kidogo, na kila mtoto huyatumia bila kutatizika. Mtoto aliyelelewa kwa nyon na obwan hawezi kushindwa na njoo na njooni. Kwa hiyo Kipkelion, wanakozungumza Kikipsigis, kuna sikio lililokwisha kuandaliwa kwa kazi hii, na mwalimu afadhali aanzie hapo kuliko kuanzia kwenye lawama.

Kuna ushahidi mpana zaidi. Mwarabu husema jaa kwa "alikuja", lakini akimwita mtu husema ta'aal. Mwamhari humwita mwanamume kwa na, neno lisilotoka katika kitenzi chake cha kawaida cha kuja. Kiromania, lugha ya mbali kabisa nasi, kina kitenzi a veni, lakini amri yake kwa mtu mmoja ni vino, umbo lisilofuata wenzake. Lugha hizi hazikuambizana. Kinachoziunganisha ni matumizi: mzazi humwita mwana mara nyingi kila siku, na neno linalotumika kiasi hicho halingoji kuundwa upya kutoka kwenye kanuni. Tazama pia njoo inapokoma. Katika kukataza, njoo haipo. Tunasema usije, umbo la kawaida kabisa. Mromania naye huiacha vino akasema nu veni. Njoo ni wito, na anayekatazwa haitwi.

Pingamizi kubwa ni kwamba lugha hubadilika, na kwamba Mkenya anayesema "kuja ukule" anazungumza Kiswahili hai kuliko anayesema "njoo ule". Uhai wake siukatai, na katika maongezi ya vijana una nafasi yake. Lakini tupime gharama. Hiyo ku ya ukule ni pia kiambishi cha mtendwa wa nafsi ya pili. Mbwa ale ni ombi apewe chakula. Mbwa akule, kwa sikio la Mswahili, ni kwamba mbwa akutafune wewe. Mtu atajibu kuwa anakula ina utata huohuo, na ni kweli. Lakini pale mkazo unatulazimisha, ilhali katika ale na uje lugha imetuondolea utata bure. Kuurudisha si kurahisisha.

Na kuna utajiri ambao umbo moja la kuja! haliwezi kuubeba. Njoo humvuta mtu hapa nilipo. Uje humwachia nafasi ya kupanga safari yake, na kwa mkubwa huambatana vyema na tafadhali. Karani wa kituo anayemwambia mzee wa majani chai "uje Jumatatu, baba, tutakupimia" hakumwamuru. Amemwomba, na ameahidi.