Busole ya zamani ya askari: tangazo linasahau Shinkolobwe

Wandugu, kati yetu wenye kupenda kutembea Kundelungu mpaka kuona maporomoko ya Lofoi, kuko wenye kuanza kutafuta busole za zamani za askari kwenye intaneti. Zile za shaba, nzito, zenye kifuniko na prizma. Bei iko juu, na matangazo yanarudilia maneno yale yale: vita, ushujaa, kazi safi ya Waingereza. Chombo chenyewe nakipenda. Hadithi yenye kuuzwa pamoja nacho njo sikubali.

Sifa zake ni za kweli. Schmalcalder aliandikisha uvumbuzi wake London mwaka 1812. Kwa busole ya kawaida unalenga muti kule mbali, kisha unainamisha macho kusoma sindano, na hapo mukono umekwisha kusogea. Prizma, kile kioo kidogo cha pembe tatu, inaleta namba mbele ya jicho lile lile lenye kulenga: muti na digrii unaviona mara moja. (Namba zimeandikwa kinyume kwenye sahani, kioo njo kinazinyoosha. Akili hiyo!) Unasoma mpaka nusu digrii. Kosa la digrii moja tu, kwa kilometa moja, linakutupa mita 17 pembeni. Mwenye amekwisha kupima shamba kwa busole na dekameta anajua mita 17 inaweza kuleta maneno gani na jirani.

Vita ya 1914-1918 ilieneza ile ya Verner. Vita ya pili ikaleta Mark III, yenye sahani kuelea ndani ya maji maalum ili itulie haraka.

Sasa, askari anatembea na usiku. Kwa hiyo alama zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, na ndani ya ile rangi mulikuwa radiumu. Hapa tangazo linanyamaza, ao linasema paka «rangi ya asili ingali».

Asili ya wapi? Mawe ya uraniumu ya Shinkolobwe, pale pembeni ya Likasi, yalijulikana mwaka 1915. Kuanzia 1922 Union Minière ilitoa radiumu ndani yake kule Olen, Ubelgiji. Gramu moja, yenye ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 100,000, ikashuka karibu dola 70,000, na wachimbaji wa Amerika wakafunga. Mpaka Kanada ilipoingia sokoni miaka ya 1930, karibu radiumu yote ya dunia ilitoka Katanga, na watu wa hapa walikuwa wanachagua yale mawe kwa mikono. Sisi tunaitaja Shinkolobwe juu ya Hiroshima tu. Lakini miaka 20 mbele ya bomu, mawe yake yalikuwa yanaangazia saa na vyombo vya watu wa mbali.

Na haiko mambo ya historia peke yake. Radiumu inapunguka nusu kwa miaka 1,600. Kinachochoka ni ile dawa yenye kugeuza nguvu yake kuwa mwanga. Basi busole ya 1942 yenye haing'ai tena ingali na zaidi ya 95% ya radiumu yake. Usiifungue, usikwangue ile rangi, usiweke pale mutoto analala. Vumbi yake ikiingia ndani ya mwili, inajificha kwenye mifupa.

Tena kuko jambo lenye wauzaji hawagusi kabisa. Sumaku ya dunia haielekezi sindano tu, inaiinamisha pia: Ulaya ncha ya kaskazini inashuka, kwetu kusini ya ikweta ni ncha ya kusini. Busole iliyosawazishwa kwa Ulaya, ukiishika sawasawa hapa Lubumbashi, sahani yake inalala upande, inaweza hata kugusa na kukwama. Hapo nusu digrii yako imekwenda wapi? Ya plastiki, ya bei ndogo, iliyosawazishwa kwa kusini, itakuongoza vizuri zaidi kule juu.

Mwenye moyo wake umekwisha kwenda kwa ile ya shaba, amuulize muuzaji mambo mawili mbele ya kutuma franga. Ilisawazishwa kwa upande gani wa dunia? Na rangi yake ni radiumu ao tritiumu? Tritiumu inapunguka nusu kwa miaka 12 hivi, na inapatikana kwenye zile za nyuma zaidi. Akijibu «ni ya vita, inatosha», mutafute mwingine.