Msichana Asiye na Machozi

Likizo ya Desemba mjukuu wangu aliniletea kitabu, akakiweka mapajani mwangu pamoja na miwani, akasema, "Babu, hiki ukisome chote. Usiruke." Ananijua. Miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilisahihisha maandalio ya somo mengi mno, na mtu wa kazi ile huishia kujifunza kuruka kurasa bila haya.

Kitabu chenyewe ni Cinder, cha Mmarekani Marissa Meyer, kilichotoka mwaka 2012. Ni ile ngano ya msichana wa jikoni, mama wa kambo na kiatu kilichopotea, ila mwandishi ameihamishia zama zijazo, katika mji aliouita New Beijing. Cinder ni fundi wa mitambo mwenye kibanda sokoni. Sehemu ya mwili wake ni nyama, sehemu ni chuma, na siku ya dansi hapotezi kiatu bali mguu mzima wa bandia. Mwezini anatawala malkia mwovu, Levana. Duniani kuna tauni inayoua watu. Nakiri ubunifu huo ulinifurahisha. Wako wazee wenzangu wanaokasirika wakiona ngano imevalishwa nguo mpya, lakini mimi simo. Perrault wa Ufaransa aliichapisha kwa namna yake mwaka 1697, ndugu Grimm wa Ujerumani kwa namna yao mwaka 1812, na bibi zetu nao wana mabinti wao wa kambo wanaolishwa ukoko. Ngano haijapata kuwa na nguo moja.

Kilichonishinda, msomaji mpenzi, ni msiba.

Cinder ana ndugu wa kambo wawili. Mmoja, Peony, wa miaka kumi na minne, ndiye pekee katika nyumba ile anayempenda. Wanakwenda pamoja jalala la vyuma kutafuta vipuri, na huko huko madoa ya tauni yanamtokea Peony. Roboti za matabibu zinamchukua. Mama wa kambo anamtupia Cinder lawama zote na kumtoa akafanyiwe majaribio ya dawa. Hatimaye Cinder anapata kichupa cha dawa, anakimbia nacho hadi karantini, anamkuta Peony anakata roho. Hapo niliweka kitabu chini nikafuta miwani, maana nilijua kinachokuja ni kizito.

Hakikuja. Kilio kinapita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Mara tuko kwenye siri ya nasaba ya Cinder, mara kwenye hila za Levana, mara kwenye dansi. Nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikidhani nimevunja ahadi na kuruka. Sikuwa nimeruka. Mwana wa mfalme naye, Kai, anafiwa na baba yake kwa tauni hiyo hiyo, na kabla marehemu hajapoa kijana amekwisha kuwa na mikutano, sherehe ya kutawazwa, na nafasi ya kumtania Cinder. Nafahamu kwamba wafalme hawapewi siku arobaini. Lakini mtu aliyefiwa hubeba maiti wake hata kikaoni. Hupotewa na neno katikati ya sentensi, husahau kama amekula. Kai hasahau chochote.

Wanachuo wangu, waliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, walipenda kuniambia kwamba ngano za kale ni nyepesi, hazina undani wa moyo. Niliwasomea masimulizi ya ndugu Grimm, yale yanayojulikana zaidi. Mama anakufa. Binti anakwenda kaburini kila siku kulia. Baba anamletea kitawi, yeye anakipanda juu ya kaburi, na machozi yanayodondoka yanatosha kukimwagilia hadi kinakuwa mti. Mistari michache tu. Na nguo ya dansi inatoka wapi? Inatoka kwenye mti ule. Msichana anakwenda kwa mwana wa mfalme amevaa huzuni yake iliyozaa. Hapo hakuna maelezo ya moyo hata tone, ila msiba unafanya kazi ndani ya hadithi mpaka mwisho.

Sasa tazama. Meyer naye anamvalisha Cinder nguo ya marehemu! Gauni analokwenda nalo kwenye dansi ni la Peony, limekunjamana, tena linalowa mvua. Nilipofika hapo niliketi wima. Gauni la mtoto aliyekufa, mwilini mwa aliyechelewa kumwokoa: kuna mwandishi anayetaka zaidi ya hapo? Naye analigusa kidogo, kisha anakimbilia hatari inayofuata.

Haya yote nilimweleza mjukuu wangu barazani, kwa sauti ya darasani, ninavyoogopa. Yafaa niseme kwamba mama yake, binti yangu, tulimzika mwaka 2019, naye alikuwa na miaka kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Babu, wewe unatafuta kilio. Mimi siku ile sikulia. Wakubwa walisema nina moyo mgumu, niliwasikia. Cinder hana machozi, alitengenezwa hivyo, na mama yake wa kambo anaona hana uchungu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mmoja wa waliomtazama siku ile. Sikusema neno, lakini nililiwaza.

Nilisoma upya sehemu ile usiku. Ni kweli, mwandishi ametuambia mapema kwamba Cinder hawezi kulia, na mama wa kambo anamtendea kama chombo kisichoumia. Iko pia sehemu niliyoipita haraka: Cinder anakikata kile kitambulisho kidogo kilichopandikizwa mkononi mwa Peony, roboti zisikichukue. Hicho nilikiona kitendo cha ufundi tu. Kwa mtoto asiye na machozi huenda ndicho kilio chenyewe.

Hata hivyo hukumu yangu haijageuka yote. Kama msichana asiyeweza kulia ndiye kiini, basi tungekaa naye usiku mmoja tu, akiwa na kile kitambulisho kiganjani, asijue pa kupeleka uchungu. Mwandishi amechimba kisima, akapata maji, akaondoka bila kuteka. Mjukuu wangu anasema aliyateka mwenyewe, hakuhitaji kutekewa. Nami namjibu kwamba si kila msomaji anakuja na ndoo yake.

Bado hatujakubaliana. Likizo ijayo ataniletea cha pili, Scarlet.