Mwisho wa Filamu si Mwisho wa Vita: Uhakiki wa Dokumentari Tatu kwa Jicho la Mtazamaji wa Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Katika mabanda ya video ya Makambako, vita ni burudani ya kawaida. Mtazamaji huingia, huona adui akishindwa, kisha hutoka akiwa ameridhika. Makala haya yanahoji mazoea hayo. Yanadai kuwa dokumentari ya vita hutufunza kuhusu migogoro ya leo pale tu tunapoiuliza maswali mawili: simulizi imeanzia wapi, na imekatwa wapi?

Njombe ina sababu yake ya kuuliza hivyo. Mnamo Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, wapiganaji wa Kibena wa mtemi Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi. Walioandika habari hizo ni wamisionari, na kwao kisa kilikuwa cha kushambuliwa na kuokoka. Kwa wenyeji wa kusini, vita havikuishia hapo. Majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Anayekata simulizi pale misheni iliposalimika hajasema uongo, ila ameacha nje sehemu kubwa ya ukweli.

2.0 Kabla ya Vita: Filamu ya Schroeder

Mwaka 1974 Barbet Schroeder alimrekodi Idi Amin, naye Amin akajiongoza mwenyewe mbele ya kamera. Katika onesho mojawapo anaamuru majeshi yaigize uvamizi wa milima ya Golan, huku helikopta na vifaru vikizunguka kilima cha Uganda. Mtazamaji hucheka. Hata hivyo, baadaye Amin aliwazuia Wafaransa waliokuwa Uganda hadi baadhi ya vipande vya filamu viondolewe, na Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera. Kilichoonekana mzaha kilikuwa dalili. Funzo hapa ni kwamba vita huanza kusimuliwa kabla ya kupiganwa, na kiongozi anayetaka kumiliki picha yake huenda anatuonesha hatari iliyo mbele.

3.0 Siku ya Ushindi: Vita vya Kagera

Filamu ya Vita vya Kagera (1980), iliyotolewa na Kampuni ya Filamu Tanzania pamoja na taasisi ya serikali ya picha na sauti, husisitiza ushujaa na uthabiti wa majeshi yetu. Msisitizo huo una haki yake: taifa lilikuwa limevamiwa, raia wake wa Kagera walikuwa wameuawa, na askari na wanamgambo walitoka kila pembe ya nchi. Si haki kuidai filamu ya mwaka 1980 itazame mambo kwa macho ya leo.

Hata hivyo, ushujaa ukiwa ndio uti wa mgongo wa simulizi, mambo mengine hukosa pa kukaa. Kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey (1982) kinaeleza jinsi mji wa Mutukula ulivyobomolewa kwa kisasi Januari 1979, na jinsi Nyerere alivyosikitishwa na jambo hilo. Vilevile, Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini amani haikufuata: kuanzia 1981 Waganda walipigana wenyewe kwa wenyewe Luwero. Kumtukuza askari na kuuliza alichokiacha nyuma yake si mambo yanayopingana.

4.0 Baada ya Ushindi: This Is Congo

Daniel McCabe (2017) anagawa simulizi kwa watu kadhaa: Kanali Mamadou Ndala, ofisa anayeficha jina lake, mwanamke anayefanya biashara ya madini, na fundi cherehani aliyekimbia makazi yake. Mwaka 2013 waasi wa M23 walishindwa, na Watanzania walikuwa miongoni mwa vikosi vya Umoja wa Mataifa vilivyoshiriki. Filamu ya ushindi ingekoma hapo. Lakini Ndala aliuawa Januari 2014, M23 walirudi baadaye, na Januari 2025 waliiteka Goma. Katikati ya miaka hiyo, Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki.

Kwa mkazi wa Makambako, Kongo haiko mbali. Malori yenye shaba hupita mjini kila siku kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Ila shaba hiyo hutoka Katanga, mbali na mapigano ya Kivu. Mtazamaji makini hatajumlisha kwamba kila madini ya Kongo yana damu. Ataifuata kila shehena hadi ilikotoka, kama anavyopaswa kukifuata kila kipande cha video kinachomfikia kwa simu.

5.0 Hitimisho

Zikitazamwa kwa pamoja, filamu hizi hukamilishana: ya kwanza ina dalili, ya pili ina ushindi, ya tatu ina yale yanayosalia. Yeyote anayetazama moja tu huelekea kuamini kuwa vita vya leo navyo vitakwisha kwa bendera kupandishwa. Walimu wa historia na fasihi wa Njombe wanaweza kuanzia karibu: wawapeleke wanafunzi Yakobi, kisha wawaulize nani alisimulia, na nani alikufa njaa baada ya simulizi kukatwa. Anayelijua jibu hilo atazitazama picha za Goma kwa macho mengine.