Skana ya Zamani: Tafuta Kadi Kabla ya Draiva

Skana nyingi za miaka ya 1990 hutupwa zikiwa nzima. Taa inawaka, kichwa cha kusomea kinatembea, kioo hakina mkwaruzo. Tatizo ni tundu pana lililo nyuma yake, lisilolingana na chochote kwenye kompyuta ya leo. Mwenye nayo akikosa USB anaamua kuwa imekwisha. Fundi naye akiitwa hukimbilia intaneti kutafuta draiva, na huko ndiko kazi inakoharibika. Draiva haiwezi kuzungumza na mashine ambayo kompyuta bado haijaiona. Kwanza ijengwe njia.

Tuchukue HP ScanJet 4c iliyotolewa stoo ya maktaba ya shule moja. Shule ilitaka kuhifadhi picha za mahafali na majarida ya wanafunzi kabla karatasi hazijachakaa kabisa. Skana hii inasoma doti 600 kwa inchi, na kioo chake kina urefu wa inchi 14. Zaidi ya hayo, inatumia lenzi na kihisi cha CCD, kwa hiyo inasoma vizuri hata pale karatasi isipolala sawasawa, kama kwenye mshono wa katikati ya jarida. Skana nyingi nyembamba za leo, zenye kihisi cha CIS, hutoa ukungu karatasi inaponyanyuka milimita chache tu. Kwa kazi ya nyaraka zilizoshonwa, sababu hiyo peke yake inatosha kuipigania mashine.

Tundu lake ni la SCSI, kiwango kilichoidhinishwa na ANSI mwaka 1986. Watengenezaji walikichagua kwa hesabu iliyo wazi. Ukurasa wa A4 wa rangi ukisomwa kwa doti 300 kwa inchi una takriban megabaiti 26. Poti ya kawaida ya printa ilipitisha kama kilobaiti 150 kwa sekunde, yaani ukurasa mmoja ungechukua karibu dakika tatu njiani. SCSI ya awali ilipitisha hadi megabaiti 5 kwa sekunde.

Skana nyingi za aina hiyo ziliuzwa pamoja na kadi ndogo ya ISA, na sloti za ISA zimetoweka kwenye kompyuta. Hapo ndipo uamuzi mkubwa wa kazi hii ulipo. Vigeuzi vya USB kwenda SCSI vinavutia kwa urahisi wake, lakini vingi vilitengenezwa kwa ajili ya diski na havipitishi ipasavyo amri za skana. Njia ya uhakika ni kompyuta ya mezani ya zamani kidogo yenye sloti ya PCI, na kadi inayojulikana vizuri. Iliyochaguliwa hapa ni Adaptec AHA-2940. Ina tundu la nje la pini 50, na ina programu yake yenyewe ndani ya chipu, inayofunguka kabla ya Windows au Linux kuanza. Faida ya programu hiyo itaonekana baadaye.

Kebo nayo inataka jicho. Plagi za SCSI ni za aina kadhaa: ile pana ya pini 50, ile ndogo ya pini 50 zilizobanana, ya pini 68, na ya pini 25. Hii ya mwisho ni ya hatari, kwa sababu tundu lake linafanana kabisa na la printa, ilhali mpangilio wa nyaya ni tofauti. Ukichomeka skana ya SCSI kwenye poti ya printa unaweza kuunguza saketi. Soma alama iliyo nyuma ya mashine kabla ya kusukuma plagi.

Halafu namba. Kila kifaa kwenye mnyororo wa SCSI kina namba yake, kuanzia 0 hadi 7, na kadi kwa kawaida hushika 7. Skana ilipewa 5 kwa swichi yake ya nyuma. Vifaa viwili vikigongana namba, kimoja hupotea au vyote huchanganyikiwa. Kisha ncha mbili za mnyororo lazima zifungwe kwa terminata, kifaa kidogo chenye rezista ndani. Ncha ikiachwa wazi, ishara hugonga mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi, na dalili yake ni picha inayokatika katikati au kompyuta inayoganda bila sababu. Kadi ilifunga ncha moja, na terminata ya kuchomeka ikafunga nyingine upande wa skana. Kebo iwe fupi pia: kiwango cha awali kinaruhusu mita 6 kwa jumla, na Fast SCSI mita 3 tu.

Skana iliwashwa kwanza, ikamaliza kujipima, ndipo kompyuta ikafuata, kwa kuwa kadi hukagua mnyororo wakati wa kuwaka. Hapo ikabonyezwa Ctrl na A. Programu ya kadi ikaorodhesha namba zote, na kwenye namba 5 ikaandika HP C2520A, yaani skana yetu. Hiki ndicho kipimo kikuu cha kazi yote. Jina hilo likionekana, kebo, namba na terminata ziko sawa, na kosa lolote litakalofuata ni la programu. Lisipoonekana, kubadilisha draiva ni kupoteza siku.

Kwa upande wa programu, draiva za zamani za biti 32 hazipakiki kwenye Windows ya biti 64, hivyo ikachaguliwa Linux. Moduli ya aic7xxx inaitambua kadi, na mfumo wa SANE una sehemu iitwayo hp inayoifahamu familia hii ya ScanJet. Kuna jambo moja linalowakatisha tamaa wengi hapa. Amri ya lsscsi haiandiki kwamba kifaa ni skana. Inaandika «process», kwa sababu ScanJet hizi hujitambulisha kwenye mnyororo kama prosesa. Si hitilafu, ndivyo zilivyotengenezwa. Ikiwa skana inaonekana kwa msimamizi wa mfumo lakini si kwa mtumiaji wa kawaida, rekebisha ruhusa za faili ya /dev/sg inayohusika.

Mpangilio ule ule, yaani kadi, kebo, namba, terminata, kisha programu, unafaa kwa skana nyingine za SCSI, zikiwemo za filamu kama Nikon Coolscan LS-2000, almuradi uthibitishe kwanza kwamba SANE au programu nyingine inaziunga mkono. Kwa ofisi, shule na maktaba zinazopanga kutupa kompyuta zao kuukuu, ombi langu ni moja: kadi ya SCSI, kebo na terminata zivuliwe, zifungwe pamoja na skana na ziandikwe jina. Vipande hivyo ndivyo vinavyozidi kuadimika, na bila hivyo skana nzima inageuka kuwa taka.