Maneno Yanayosemeka Jikoni

Siku chache kabla ya Ramadhani, katika nyumba nyingi za Wazanzibari wa Muscat, meza ya jikoni haionekani kwa unga. Ni zamu ya manda za sambusa. Donge dogo la unga linasukumwa kwa kifimbo, linapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga mkavu, la pili linapandishwa juu yake, kisha la tatu na la nne. Yakishapandana yanasukumwa kwa pamoja mpaka yawe mapana na membamba, halafu yanatupwa juu ya chuma cha moto. Hayaachwi yakabadilika rangi. Yanageuzwa, yanaondolewa, na hapo vidole vinaanza kazi ya kuyabandua moja moja yangali ya moto. Ukichelewa yanakauka na kushikana, na ukiwa na pupa yanachanika.

Kazi hii inataka watu. Bibi anasukuma, mama yuko kwenye chuma, shangazi anakata na kujaza nyama, na binti wa miaka 15 au 16, aliyeambiwa aweke simu pembeni, anabandua na kukunja pembe tatu. Saa mbili au tatu zinapita hivyo. Kila mtu macho yake yapo mikononi mwake. Hapana anayemkazia mwenzake macho, wala anayeweza kuondoka bila kuiharibia kazi meza nzima. Ndiyo maana jikoni hutoka maneno ambayo sebuleni, mbele ya baba na wageni, yangekwama kooni.

Ufundi wa kurithishana mapishi umezoeleka kusifiwa kwa ladha yake. Unastahili sifa nyingine pia: ni miongoni mwa njia chache zilizobaki za kumkalisha mzee na kijana mahali pamoja kwa muda wa kutosha, wakaweza kuzungumza mambo mazito, yakiwemo huzuni isiyoondoka na fikra za kujiua.

Mapishi yenyewe yamesafiri. Waomani walikuwa wakienda na kurudi Afrika Mashariki kwa karne nyingi, na katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalizitawanya familia nyingi. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka nchini Oman Julai 1970 aliwaita Waomani walioko ng'ambo warudi, na maelfu waliokuja kutoka Zanzibar, Pemba, Mombasa na kwingineko walikuja na elimu yao, Kiswahili chao na mkono wao wa kupika. Ndiyo sababu Muscat leo mandazi na mishkaki havihitaji maelezo, mkate wa kumimina unapatikana, na mchuzi wa pweza wa nazi unajadiliwa kwa uchungu na watu ambao hawajawahi kukanyaga Forodhani ya Unguja.

Wajukuu wa watu hao wanasoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Kwenye simu wanaandikiana Kiingereza. Bibi anawaza kwa Kiswahili. Kati yao kuna mapenzi mengi na maneno machache, na maneno hayo machache mengi yao ni ya jikoni: kuna, chuja, koroga, onja, funika, ngoja.

Kungoja ndiko kulikoadimika, ilhali vijana wengi wana mambo mazito ya kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa walio na miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Oman haikusalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliowahusisha wanafunzi 5,409 wa sekondari kutoka nchi nzima, uliwakuta asilimia 17 na dalili za sonona. Katika darasa la wanafunzi 30, hao ni watano.

Mtoto mwenye sonona mara nyingi halii. Anakuwa mkali bila sababu, analala mchana na kukesha usiku, chakula alichokuwa akikigombania anakiacha kwenye sahani. Alama zinashuka. Marafiki hawaji tena. Siku nyingine anagawa vitu vyake anavyovipenda, au anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba bora asingekuwepo. Watu wazima wana majina tayari kwa hayo yote: uvivu, simu, jicho la watu, jini, upungufu wa imani. Na wazee waliokulia Unguja wana hofu moja zaidi, kwa sababu jina la Kidongo Chekundu, ilipo hospitali ya wagonjwa wa akili, lilikuwa tusi walilotupiana watoto mitaani. Nani atakubali mjukuu wake ahusishwe na tusi hilo? Kwa hiyo jambo linafunikwa kwa jina la stara. Wahenga walishaonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na hakuna mahali ambapo onyo hilo ni la kweli kuliko hapa.

Imani haizuii kutafuta tiba. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwahimiza waumini wajitibu, na dua ya mama haipungui thawabu kwa sababu asubuhi yake alimpeleka mwanawe kwa daktari.

Sasa turudi kwenye ufundi wenyewe. Mapishi ya nyumba hayana vipimo. Muulize mpishi hodari wa mkate wa kumimina atie tui kiasi gani, atakujibu: "Mpaka ukubali." Mchele uroweke usiku kucha, usagwe na tui la nazi na hiliki, utiwe hamira, uachwe uumuke, lakini uji wake uwe mzito kiasi gani, hilo linaonekana kwa namna unavyodondoka kutoka kwenye upawa. Haliandikiki. Anayetaka kulijua lazima aje asimame, aone, atie kidole. Na anayefundisha, akitafuta namna ya kueleza, hujikuta anaeleza na yasiyoulizwa: nani alimfundisha yeye, katika nyumba gani ya Mkunazini, Unguja, au Wete, Pemba, mwaka gani, na nani alikuwa hai wakati huo.

Katika familia nyingi za Muscat simulizi hiyo haiwezi kufika mwisho bila kupita mwaka 1964. Kuna ndugu waliopotea, nyumba zilizoachwa na milango wazi, miaka ya kuishi kwa kusitiriwa na jamaa. Bibi ambaye siku zote mjukuu amemjua kwa ucheshi na ukali anasema, huku anakoroga, kwamba mwaka ule kulikuwa na asubuhi ambazo hakutaka kuamka. Hapo mtoto amepewa kitu ambacho hotuba ya shuleni haiwezi kumpa. Amejua kwamba huzuni nzito ilishawahi kuingia katika ukoo wake, ikapewa jina, na aliyepitia yupo hapa, anaonja chumvi. Akitaka kusema la kwake, njia imefunguliwa na mkubwa.

Kizazi cha sasa kinaanza kuitambua thamani hiyo. Mwaka 2024 Dina Macki, aliyelelewa Portsmouth, Uingereza, katika familia yenye asili ya Oman na Zanzibar, alichapisha kitabu cha mapishi kiitwacho Bahari, akakijaza habari za familia pamoja na vipimo.

Watafiti nao wamelitazama jambo lililo jirani na hili, yaani kula pamoja. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha vijana 4,746, ulionyesha kwamba waliokula na familia mara nyingi zaidi walikuwa na dalili chache za sonona na fikra chache za kujiua, hasa wasichana. Mwaka 2013 ulitoka mwingine wa Canada, wa vijana 26,069 wenye miaka 11 hadi 15, uliokuta kwamba sehemu ya faida ya chakula cha jioni inatokana na wepesi wa mtoto kuzungumza na wazazi wake. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba wali ni dawa. Huenda nyumba zenye maelewano ndizo zinazokula pamoja. Lakini zinaonyesha pa kutazama: yale mazungumzo yaliyo katikati ya sahani.

Na kama ni mazungumzo, basi boko boko ni mwalimu. Waomani wengine wanaiita harees, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kuipika katika orodha ya turathi za binadamu kwa maombi ya Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Ngano inarowekwa, inachemshwa na nyama mpaka nyama iachane na mfupa, kisha inapondwa na kuvurugwa kwa mwiko mpaka ngano na nyama visitambulikane. Mkono mmoja hauwezi. Mwiko unahama kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kurudi, na ukimya wa kupokezana mwiko haumwelemei mtu.

Swali linalotakiwa kuulizwa wakati huo si la mafumbo. Mzazi aanze kwa alichokiona: "Mwanangu, naona siku hizi hulali, na chakula huli. Nini kinakuelemea?" Akipata jibu linalotisha, aulize waziwazi: "Kuna wakati unafikiria kujiua?" Wazazi wengi huogopa kwamba neno hilo litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakupata ushahidi wa hofu hiyo. Kuulizwa hakuongezi fikra za kujiua, na huenda kukazipunguza. Kinachodhuru ni kinachofuata kama ni ukali, viapo, au kumlinganisha mtoto na binamu yake aliyefaulu. Akisema, asikilizwe mpaka amalize. Sufuria ikiungua, iungue.

Mtu atauliza kuhusu wavulana, ambao katika nyumba nyingi hufukuzwa jikoni wakiwa wadogo. Oman ina jibu lake. Shuwa ya Idi ni kazi ya wanaume: nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani ya migomba au ya mitende, inatiwa kwenye kapu na kuzikwa katika shimo lenye makaa kwa siku moja au mbili. Halwa nayo hukorogwa na wanaume, katika sufuria kubwa za shaba, kwa saa mbili na zaidi bila kupumzisha mkono. Baba, ami na mjomba wanao wakati na mahali pa kumwuliza kijana habari zake. Wanachohitaji ni kuamua kwamba habari za moyo nazo ni habari.

Imani kwamba mzee asiye daktari anaweza kusaidia imeshapimwa. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akawafundisha kuwasikiliza watu wenye huzuni wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchini Kenya nako, kwa mpango wa Shamiri, vijana waliotoka sekondari hivi karibuni walifundishwa kuongoza vikao vinne na wanafunzi wenye sonona na wasiwasi. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha nafuu ya kweli. Bibi wa Harare na vijana wa Kenya walitumia kile kile ambacho jiko linacho bure: mtu anayeaminika, muda, na kikao kisichotisha.

Kuna mipaka, na lazima isemwe. Jiko halitibu sonona. Mtoto anayepambana na chakula chenyewe, anayejinyima au kujitapisha, asilazimishwe kupika. Atafutiwe kazi nyingine ya pamoja. Na mtoto aliyekubali kwamba anafikiria kujiua asiachwe peke yake hata kwa saa moja, vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muscat ina Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat, iliyofunguliwa mwaka 2013 mahsusi kwa afya ya akili, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ina kitengo chake. Pa kuanzia pa karibu zaidi ni kituo cha afya cha mtaani au mshauri wa shuleni. Sonona inatibika, na wengi waliotibiwa wamerudi kwenye masomo yao, michezo yao na hamu yao ya kula.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kijana nyumbani, chagua chakula kimoja ambacho wewe tu ndiye unayekijua vizuri, chenye kazi ya mikono na muda mrefu. Mwite akusaidie wiki hii, bila mgeni na bila simu, yako ikiwa ya kwanza kuzimwa. Mweleze ulikojifunza na yaliyokuwa yakikusibu wakati huo, kisha umwulize habari zake na unyamaze. Usingoje Ramadhani.