Usalama wa Nini, na Dhidi ya Nani? Tahakiki ya Istilahi za Miongozo ya Programu za Magari

Mwezi wa Novemba 1994, ushirika wa Uingereza uitwao kwa kifupi MISRA, unaowaunganisha watengenezaji wa magari na wahandisi wa fani hiyo, ulitoa miongozo ya kutengeneza programu za kompyuta zinazofanya kazi ndani ya magari. Mwaka 1998 ukatoa kitabu kingine, ambacho ndicho kilichoupatia jina: kanuni 127 za kuitumia lugha ya C katika programu hizo. Kitabu hicho kimepitiwa na kutolewa upya mara kadhaa tangu hapo, na sifa zake zimevuka mipaka ya magari. Katika makala haya hatuna nia ya kufundisha uhandisi, kwani wenye fani hiyo wapo. Nia yetu ni kuvitazama vitabu hivyo kama kazi za lugha, kisha kuuliza iwapo istilahi tulizo nazo zinatosha kuvibeba vikifika kwetu.

Msomaji asishangae kuyakuta mambo haya katika jarida la istilahi. C ni lugha. Iliundwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya sabini, ikasanifishwa kimataifa mwaka 1990, na usanifishaji huo uliacha mengi bila kuamuliwa. Zipo sentensi za lugha hiyo ambazo sarufi yake inazikubali lakini maana yake haikuwekwa, hata kila programu inayoitafsiri C kwa mashine ikawa na uhuru wa kuzifasiri itakavyo. Zipo nyingine ambazo maana yake ni wazi, ila ni rahisi mwandishi kuteleza. Kwa mfano, alama moja ya usawa huamuru kwamba kitu kipewe thamani fulani. Alama mbili zikifuatana huuliza kama thamani mbili ni sawa. Aliyekusudia kuuliza, akasahau alama moja, huwa ameamuru. Na kompyuta hutii. Katika programu ya mishahara kosa hilo huzusha ugomvi ofisini. Katika programu ya breki huweza kuleta msiba.

Walilofanya wenye kitabu hicho, basi, ni kazi anayoijua kila msanifishaji. Hawakuunda lugha mpya. Walichagua ndani ya lugha iliyopo yale yanayoeleweka kwa namna moja, wakayakataza au kuyawekea masharti yale yenye utata. Kwa hili wanastahili sifa, na sisi tulio katika kazi ya kusanifisha tunaweza kujifunza kwao.

Lakini thamani ya kitabu haimo katika makatazo tu. Imo pia katika namna kilivyoyapanga makatazo hayo kwa daraja. Katika toleo la 1998 kanuni 93 zilikuwa za kutimizwa, na 34 zilikuwa za ushauri. Toleo la 2012 liliongeza daraja la tatu juu ya hizo mbili: kanuni ambazo haziachwi kwa hali yoyote. Kwa hiyo sasa kuna zisizo na ruhusa kabisa; kuna zinazotakiwa kufuatwa, ila mhandisi mwenye sababu anaweza kuiacha mojawapo akiandika ni ipi, kwa nini, na amefanya nini ili pasitokee madhara; na kuna zilizo nasaha.

Hapa ndipo mashaka ya mfasiri yanapoanza. Mazoea yetu ni kutumia neno "lazima" kwa daraja mbili za juu, na pengine hata kwa ya tatu, maana katika nyaraka zetu "inapasa" na "ni lazima" hupokezana kama mapambo ya mtindo. Akifanya hivyo mfasiri, sentensi zitasomeka vizuri na kitabu kitakuwa kimekufa. Neno "mwongozo" lenyewe lina uzito usio sawa kwa kila msomaji: Mtanzania anayeukumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971 halichukui kuwa ni ushauri mtupu. Kwa maoni yetu, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutenganisha daraja hizi. Isiyoachwa iitwe "faradhi". Inayotakiwa iitwe "sharti". Ya ushauri iitwe "nasaha". Watakaosema kwamba faradhi ni neno la dini wakumbuke kwamba limekwisha kutoka msikitini zamani, na watu hulitumia kwa wajibu wowote usiokwepeka.

Ama kuhusu kule kuacha sharti kwa sababu iliyoandikwa, wapo wanaopendelea "mkengeuko". Hatuliafiki neno hilo. Aliyekengeuka amepotoka, naye hulaumiwa. Bali mhandisi huyu hakupotoka, amepita mlango uliowekwa na kanuni zenyewe. Lipo neno linalofaa zaidi, nalo ni "udhuru". Mwenye udhuru anatambua kuwa alipaswa, anaeleza kilichomzuia, na anakubali kupimwa kwa maelezo yake.

Tuje sasa kwenye neno gumu kuliko yote, yaani "usalama". Kiingereza kina maneno mawili hapa. La kwanza ni hali ya chombo kutomdhuru mtu kinapofanya kazi au kinapoharibika. La pili ni hali ya chombo kukingwa na mtu mwenye nia mbaya. Sisi tunayaita yote usalama. Askari wa usalama barabarani hushughulika na ajali. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa hushughulika na vita. Katika maisha ya kila siku muktadha hutuokoa. Katika programu za magari muktadha ni mmoja, gari ni lile lile, na pengine hata kompyuta ni ile ile.

Tuchukue mifano miwili. Mwezi wa Septemba 2016 kampuni ya General Motors iliyaita magari zaidi ya milioni 4 kwa sababu ya kasoro ya programu iliyoweza kuzuia mifuko ya hewa isifumuke wakati wa mgongano. Hapakuwa na adui. Programu yenyewe ndiyo iliyokuwa na ila. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa Julai 2015, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha jinsi walivyoweza kuliingilia gari la Jeep Cherokee kwa njia ya mtandao, wakiwa mbali nalo, wakalipunguza mwendo katikati ya barabara kuu huku mwandishi wa habari akiwa nyuma ya usukani. Kampuni ya Fiat Chrysler ikayaita magari milioni 1.4. Hapa adui ndiye suala lenyewe. Dawa ya kwanza ni kuandika na kupima programu kwa uangalifu zaidi. Dawa ya pili ni kufunga milango anayoweza kupita mvamizi. Hata viwango vya kimataifa vimetengwa: ISO 26262 ya mwaka 2011 inahusu la kwanza, na ISO/SAE 21434 ya mwaka 2021 inahusu la pili. Mfasiri atakayeviita vyote viwili "kiwango cha usalama wa magari" atakuwa ameviunganisha vitu ambavyo wenyewe waliona haja ya kuvitenganisha.

Tunapendekeza "usalama" ubaki kwa maana ya kwanza, na ya pili iitwe "ulinzi". Tunajua kwamba ulinzi hutuletea picha ya mgambo na bunduki, na kwamba msemo "usalama wa taifa" umeshika mizizi. Hatudai kuing'oa. Istilahi ya fani si amri kwa lugha nzima. Inatosha ikiwa thabiti ndani ya fani yake.

Mkanganyiko mwingine umo katika jina la ushirika wenyewe, ambalo halikutaja usalama bali sifa ya programu kufanya ilichotakiwa kila inapotakiwa. Tumeona sifa hiyo ikiitwa "utegemezi", na hilo ni kosa la wazi: mtegemezi ni yule anayemtegemea mwenzake. Tumeona pia "uaminifu", ambao ni sifa ya mtu. Bora kusema "kutegemeka". Na kutegemeka si usalama. Gari linalogoma kuwaka kila asubuhi halitegemeki, lakini likiwa limesimama uani halimgongi mtu. Gari ambalo programu yake, siku zote na bila kushindwa, huachia breki pasipopasa, linategemeka na ni la hatari.

Vivyo hivyo neno "kosa" limebebeshwa mizigo mitatu. Mtu hukosea anapoandika. Alichokosea hukaa ndani ya programu, pengine kwa miaka, bila ya kuonekana. Kisha siku moja gari hukataa kutii. La kwanza liitwe "kosa", la pili "kasoro", la tatu "hitilafu". Si kila kosa huzaa kasoro, wala si kila kasoro huzaa hitilafu, na kazi yote ya kanuni hizi ni kuukata mnyororo huo kabla ya kufika barabarani.

Huenda msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini, nasi magari hatuandikii programu? Yanatuhusu. Magari mengi ya Tanzania na Kenya huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kadiri miaka inavyopita ndivyo yanavyofika na kompyuta nyingi zaidi ndani yake. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayeletewa gari lenye taa ya injini inayowaka, hana budi kujua kama anatafuta waya uliokatika, kasoro iliyotoka kiwandani, au mlango ulioachwa wazi kwa mvamizi. Ilani ikimwambia kwa Kiswahili kwamba "programu ina kosa la usalama na ni lazima irekebishwe", itakuwa imempa maneno matatu ambayo hakuna hata moja linalomwelekeza la kufanya. Abiria aliyekaa nyuma yake ndiye atakayelipa.

Wenye miongozo hii waliona kwamba lugha yenye utata ikipewa gari huweza kuua, wakaisafisha. Itakuwa aibu kazi hiyo ikifika kwetu na kutiwa utata upya kwa uvivu wa mfasiri. Maneno tuliyoyapendekeza, yaani faradhi, sharti, nasaha, udhuru, usalama, ulinzi, kutegemeka, kosa, kasoro na hitilafu, yote ni ya Kiswahili cha siku zote. Kilichopungua ni makubaliano. Tunawaomba wahandisi, mafundi na walimu wayapime katika kazi zao, na penye kasoro watusahihishe.