Juu ya Kuchagua Mchezo Mfupi

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoanza, swali moja huulizwa katika shule na vyuo vya Kenya: safari hii tutacheza mchezo gani? Swali hili si geni. Tamasha la michezo ya kuigiza la shule na vyuo lilianza mwaka 1959, na tangu hapo walimu na wanafunzi wamekuwa wakitafuta michezo mifupi, tena mipya, iwezayo kuchezwa na vijana wasio mafundi, katika ukumbi usio na pazia, kwa muda usiotosha. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi ya kuuchagua mchezo wa namna hiyo, na kutaja michache ambayo naona yafaa kusomwa, kuchezwa, na kuwa kielelezo kwa wale watakaotunga mingine.

Rai yangu ni moja, nami naitanguliza ili msomaji apate kuipima: mchezo mfupi uchaguliwe kwa fundo lake, si kwa fundisho lake. Fundo ni lile jambo liwafungalo watu wawili au zaidi mahali pamoja, hata mmoja asiweze kupata alitakalo ila mwenziwe apoteze. Fundisho ni lile neno ambalo mtazamaji huondoka nalo moyoni. Mchezo wenye fundo haukosi fundisho. Lakini mchezo wenye fundisho tupu waweza kukosa fundo, na ukilikosa, basi si mchezo tena, bali ni hotuba iliyogawanywa kwa watu wanane.

Hotuba za namna hiyo si haba katika matamasha yetu. Upande mmoja husimama chifu mwovu, upande wa pili kijana mwema. Tangu neno la kwanza twamjua nani atashinda. Mwovu hufanya uovu wake kwa sauti kubwa, mwema hulia kwa sauti kubwa zaidi, kisha polisi huingia, mwovu hufungwa pingu, na wote waliobaki huimba na kucheza ngoma mpaka taa zizimwe. Chanzo cha kasoro hii chajulikana. Pengine imetolewa zawadi kwa mchezo utakaohimiza ulipaji wa kodi, au utakaokemea dawa za kulevya, na mtunzi huanza na tangazo, kisha akatafuta watu wa kulisema. Ngonjera zina heshima yake. Mathias Mnyampala alizitungia vitabu vizima, na kazi yake ni kufunza kwa kujibizana. Lakini ngonjera ni ngonjera, na mchezo ni mchezo. Katika ngonjera asiyejua huelimishwa na ajuaye, akakubali. Katika mchezo, kila mmoja ajua jambo lake, wala hakubali upesi.

Wako wanaodhani kwamba kazi kama hii haiwezi kufanywa na wanafunzi. Historia yetu yawapinga. Katika miaka ya 1950, Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu ilikuwa na desturi ya kucheza mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Kando ya desturi hiyo, wanafunzi walianza kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda, Lakini..., uliopigwa chapa mwaka 1957. Kimani Nyoike alitunga Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akatunga Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, naye B. M. Kurutu akatunga Atakiwa na Polisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma shuleni hapo miaka hiyo, ameeleza kwamba michezo hiyo ilifika hata Nakuru, katika Ukumbi wa Menengai, katikati ya nchi ya walowezi. Hata mwanamuziki Graham Hyslop alikuwa na sehemu katika kazi hii, kwa michezo yake Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu.

Msomaji na ayatazame majina hayo kwa makini. Nakupenda, lakini: fundo lote limo katika hilo neno "lakini". Atakiwa na polisi: papo hapo twauliza ni nani atakiwaye, amejificha kwa nani, na mwenye nyumba atasema nini mlango ukibishwa. Vijana hao hawakuwa na mitambo wala mavazi ya fahari. Walikuwa na neno moja lililofungwa vema, na neno hilo lilitosha kujaza ukumbi.

Tukivuka mpaka kwenda Tanzania, twakuta michezo ambayo kwa tarehe si mipya, bali ni mipya kabisa kwa kizazi ambacho hakijapata kuiona jukwaani. Wa kwanza ni Wakati Ukuta wa Ebrahim Hussein, alioutunga mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana wa chuo kikuu. Binti, Tatu, ataka kwenda sinema na kijana Swai, na mama yake akataa. Jambo dogo kama hilo! Walakini mama hakatai kwa ubaya. Anailinda heshima ya nyumba kwa namna aliyofunzwa yeye. Na binti naye haombi ila kuishi katika zama zake. Mwalimu akiugawa mchezo huu darasani ataona jambo la ajabu: hakuna mchezaji atakayechukia sehemu yake, kwa kuwa kila mmoja amepewa haki ya kutetea. Hiyo ndiyo alama ya fundo lililo zuri.

Wa pili ni Hatia wa Penina Muhando, uliotolewa mwaka 1972. Jina lenyewe ni swali. Msichana ana mimba, na watu wote wanaomzunguka wataka kujua ni nani wa kutwikwa mzigo. Mtunzi dhaifu angemwadhibu msichana na kutupeleka nyumbani tumeridhika. Muhando hatupi raha hiyo. Chuo chenye wanafunzi wa kike hodari, waliochoka kupewa sehemu za kulia na kubeba mitungi, hakina budi kumsoma mwandishi huyu.

Wa tatu ni Jogoo Kijijini, wa Hussein tena, uliochapishwa pamoja na Ngao ya Jadi mwaka 1976. Humo mtunzi aliichukua sanaa ya msimulizi wa ngano akaipandisha jukwaani, hata uzito wote ukamwangukia mtu mmoja na sauti yake. Mchezo huu wafaa chuo chenye mchezaji mmoja mwenye kipawa na wengine wanaojifunza. Si mwepesi, nami simshauri mtu kuuanza wiki mbili kabla ya tamasha.

Katika vitabu vya miaka ya karibuni, Kigogo cha Pauline Kea kilisomwa na maelfu ya wanafunzi kwa kuwa kilitahiniwa, lakini wengi wao walikijua kwa maswali na majibu tu. Mchezo mzima ni mrefu kupita haja yetu. Lakini mwanzoni mwake mna sehemu iwezayo kusimama peke yake: Sudi, mchongaji fukara, ashawishiwa na Kenga, mtu wa mtawala, achonge kinyago kwa ajili ya sherehe ya uhuru ya Sagamoyo. Fedha ipo, na njaa ipo. Mchezaji wa sehemu ya Kenga akiuigiza ulaini wa maneno yake badala ya ukali, watazamaji wataona jinsi lilivyo jambo gumu kusema "la".

Sasa, je, michezo mipya itoke wapi? Itoke hapa tulipo. Nitatoa mfano wa Machakos. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu; ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei duni. Mwezi wa Julai watu wengi, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi, mwendo wa kilometa sitini hivi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali nayo ikaacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Mtunzi mwenye kupenda fundisho ataweka jukwaani umati, Gavana mwenye kofia ya manyoya, na hotuba ndefu ya ukombozi. Ukumbi utapiga makofi, na kesho yake watu watakuwa wamesahau. Mtunzi mwenye kutafuta fundo atauacha umati nje, aingie katika boma moja usiku wa kuamkia safari. Baba ataka kwenda Nairobi. Mama ataka ng'ombe waliosalia wafichwe bondeni usiku huo huo, maana nani atawalinda wenyewe wakienda zao? Mwana wao mkubwa ana kazi serikalini, na akionekana barabarani ataipoteza, na karo ya wadogo zake hutoka katika kazi hiyo. Nje yasikika miguu ya watu wanaopita. Hapo hapahitajiki Gavana wala kofia. Pahitajika kigoda, taa ya mafuta, na wachezaji watatu wajuao kunyamaza.

Njia hii si yetu peke yetu. Mwaka 1904, huko Dublin, ulichezwa kwa mara ya kwanza mchezo mfupi wa J. M. Synge uitwao Riders to the Sea. Mama mvuvi, ambaye bahari imemla watoto wake wa kiume mmoja mmoja, amsihi yule wa mwisho asisafiri. Naye hana budi kwenda mnadani kuuza farasi. Chumba ni kimoja, tena cha kimaskini. Kwa zaidi ya miaka mia moja mchezo huo umechezwa katika nchi ambazo hazijui hata kisiwa hicho kiko wapi, kwa sababu kila nchi ina mama na ina safari.

Huenda mtu akaniuliza: je, fundo likigusa mambo ya utawala, si litaleta taabu? Limekwisha kuleta. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala kwa Shule ya Wasichana ya Butere, ulizuiwa kuingia tamasha la taifa, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Mwaka 2025 Echoes of War, wa mwandishi huyo na shule hiyo hiyo, ulipelekwa mahakamani vivyo hivyo, na amri ikatolewa uruhusiwe. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na nje watu wakatupiwa mabomu ya machozi. Nakuru ni mji ule ule uliopokea michezo ya vijana wa Alliance wakati nchi ingali chini ya mkoloni.

Je, mchezo wa Butere ulikuwa na fundo, au ulikuwa hotuba? Mwenye haki ya kujibu ni mtazamaji, na siku ile mtazamaji alinyimwa nafasi. Hapo ndipo lilipo dhara. Mchezo mbaya huuawa na watazamaji kwa miayo yao, wala hauhitaji polisi. Na mchezo mzuri ukizimwa, nchi nzima hubaki ikibishana juu ya kitu ambacho wengi hawakukiona. Kwa hiyo mwalimu asichague mchezo kwa kuogopa, wala asichague kwa kutaka kelele. Achague mchezo ambao pande zake zote zimepewa haki ya kusema, kwa kuwa huo ndio ulio mgumu kuuita uchochezi.

Liko na jambo la pili lenye hasara. Michezo mingi ya tamasha huchezwa msimu mmoja, kisha nakala zake hupotea. Chuo kifanyacho hivyo ni kama mkulima alaye mbegu. Nakala moja na iwekwe maktabani, yenye jina la mtunzi na mwaka, na mchezo mzuri urudiwe baada ya miaka mitatu na wachezaji wengine.

Na kabla ya kuuchagua mchezo wowote, usomeni kwa sauti, mkiwa mmeizunguka meza moja, bila mavazi na bila ngoma. Mkifika katikati, komeni, kila mmoja aseme ni nani astahiliye kushinda. Darasa likigawanyika na ubishi ukazuka, anzeni mazoezi kesho. Wote wakikubaliana, urudisheni kabatini, mtafute mwingine.